Maji kwanza, Mars baadaye? Hoja hii imechoka

Kila habari za anga za juu zinapotokea kwenye taarifa ya saa moja, hapa Mumbuni kuna mtu atasema maneno yale yale: "Mifereji imekauka, na nyinyi mnataka kutafuta viumbe wa Mars." Husemwa kwa kinyozi, husemwa kwenye stage ya bodaboda, husemwa hata na wenzangu niliosoma nao sayansi ya kompyuta, ambao walipaswa kujua hesabu. Leo nimeamua kuijibu, na sitaijibu kwa adabu nyingi. Kama wewe ni mmoja wao, vumilia.

Tuanze na pesa, kwa sababu ndizo mnazopenda kuzitaja. Taifa-1, setilaiti yetu ya kwanza ya kutazama dunia, ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023 kwa roketi ya SpaceX kutoka Vandenberg, California. Gharama iliyotangazwa ni shilingi milioni 50. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu milioni 47.6. Gawanya mwenyewe. Ni kama shilingi moja kwa kila Mkenya, bei ya peremende. Mpe mkandarasi wa barabara hizo milioni 50 uone kama atavuka kilomita chache za lami. Maji hayafiki kwa majirani zangu kwa sababu ya mabomba mabovu, mipango mibovu na watu wanaolipwa mshahara kusimamia mabomba na mipango hiyo. Hakuna hata tone lililopanda roketi.

Lakini upande wangu nao una uwongo wake, na huo unaniudhi zaidi. Waziri akisimama kutetea setilaiti atasema ni ya mkulima: itamwambia mama wa Mwala au Yatta lini apande mahindi. Jamani. Picha za setilaiti za mashamba yetu tunazo tayari, tena bure. Marekani ilifungua hazina yote ya Landsat mwaka 2008, na Ulaya wanatoa za Sentinel bila malipo. Mtu yeyote mwenye kompyuta, bando na subira anaweza kukaa Machakos na kuona jinsi Ukambani ilivyokauka mwezi baada ya mwezi. Mimi nimefanya hivyo jioni nyingi na sikuhitaji Taifa-1 hata kidogo. Kwa hiyo tukiitetea kwa hoja ya mahindi, mpinzani mwenye akili atatumaliza kwa dakika mbili.

Na kuna ile hoja ya sufuria isiyoshika ukoko, eti ilitokana na safari za mwezini. Si kweli. Teflon iligunduliwa mwaka 1938, NASA haijazaliwa. Acheni hiyo.

Hoja yangu ni nyingine. Kitu cha bure ni cha mwenyewe. Wamarekani walianzisha FEWS NET mwaka 1985, mtandao wa kutoa tahadhari ya njaa, baada ya yale yaliyotokea Ethiopia. Afrika Mashariki yote iliuzoea kama tunavyouzoea umeme. Mwishoni mwa Januari 2025, Washington ikasimamisha misaada yake ya nje na tovuti ile ikazimwa. Ilirudi miezi kadhaa baadaye, lakini somo tulishalipata: swichi haiko kwetu. Sisi Wakamba njaa tunazipa majina. Ile ya miaka ya 1980 wazee huiita Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nimeshika, pesa iko mkononi na chakula cha kununua hakipo. Watu wenye kumbukumbu ya aina hiyo hawapaswi kutegemea swichi ya jirani.

Setilaiti moja ndogo haiwezi kuziba pengo hilo, sikatai. Kinachoweza kuziba ni watu: wanaojua kuisanifu, kuielekeza, kupokea data yake na kuandika programu ya kuichambua. Taifa-1 ilitengenezwa na wahandisi wa SayariLabs wakishirikiana na EnduroSat ya Bulgaria. Kwangu mimi, milioni 50 zilikuwa karo ya shule. Ukiniuliza kama karo ilikuwa ghali, nitakuuliza umewahi kulipia nini kingine cha kitaifa kwa shilingi moja.

Tena anga ilishakuja kwetu bila kuuliza kama tuna maji. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kwa majirani zetu wa Makueni. Bahati njema haikumwangukia mtu. Shirika la Anga za Juu la Kenya, lile KSA lililoundwa mwaka 2017 ambalo wengi mlikuwa mnauliza lina kazi gani, ndilo lililofika, likaichukua na kueleza kwamba ni kipande cha roketi. Mkataba wa kimataifa wa 1972 unasema nchi iliyorusha chombo ndiyo itakayolipa madhara yanayotokea ardhini, hata bila kuthibitishwa uzembe. Vizuri sana. Lakini kwanza lazima uthibitishe chombo ni cha nani, na hapo sheria inaisha, hesabu inaanza.

Hesabu yenyewe haitishi. Kila kitu kinachofuatiliwa angani kina mistari yake miwili ya namba inayoeleza mzingo wake, na fomula za kukitafuta kiko wapi saa fulani zilichapishwa mwaka 1980. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuziendesha kwa Python kwenye laptopu ya mitumba. Tatizo ni kwamba zile namba zinatolewa na jeshi la Marekani. Yaani hata kujua ni nini kimetuangukia kichwani, tunaenda kumwomba mwingine daftari lake.

Tumewahi kuwa karibu zaidi na jambo hili, na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Kuanzia mwaka 1967 Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, baharini upande wa Malindi. Hawakuja kwa ajili ya samaki wa kupaka. Walikuja kwa sababu ya ikweta: hapa dunia inazunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki inapewa msukumo huo bure. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikarushwa pale setilaiti ya Marekani, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani tu. Marjorie Townsend wa NASA, aliyesimamia mradi huo, akaipa jina Uhuru. Ilipomaliza kazi ilikuwa imeorodhesha vyanzo 339 vya eksirei, na data yake ilisaidia kuwashawishi wanasayansi kwamba Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Nobel mwaka 2002.

Sisi tulitoa bahari, ikweta na jina. Roketi za mwisho pale zilirushwa mwaka 1988. Niliingia chuo kikuu na kutoka na digrii bila mhadhiri hata mmoja kunitajia Uhuru. Italia ya wakati ule, iliyokuwa na vijiji vyake maskini, iliamua kuweka kodi kwenye jambo hilo. Sisi tulikuwa na ardhi.

Sasa viumbe wa sayari nyingine, maana najua ndiyo mnayoingojea mcheke. Mwaka 1992 NASA ilianza mradi wa kusikiliza kama kuna mawimbi ya redio yaliyotumwa na wenye akili huko mbali. Mwaka uliofuata, seneta Richard Bryan wa Nevada akafanikisha kuukata, akiufanyia mzaha wa viumbe wa kijani. Ulikuwa unakula dola milioni 12 hivi kwa mwaka. Swali halikufa, lilihamia tu mifukoni mwa matajiri. Mwaka 2015 Yuri Milner akaahidi dola milioni 100, ukaanza mradi wa Breakthrough Listen. Mashabiki wa soko huria husema: mnaona, serikali haihitajiki! Lakini angalia mradi huo unasikilizia wapi. Mojawapo ni MeerKAT, madishi 64 katika jangwa la Karoo, yaliyozinduliwa mwaka 2018 na kujengwa kwa kodi ya raia wa Afrika Kusini. Tajiri aliunganisha kompyuta zake kwenye dishi la mwananchi.

Na kazi yenyewe ni ipi? Hakuna mtu anayevaa vipokea sauti akingoja salamu kutoka kwa mjomba wa Mars. Ni kuchukua kelele nyingi mno, kuzivunja katika masafa yake, kutupa zinazotoka kwa simu, rada na setilaiti zetu wenyewe, na kuona kama kuna kilichobaki. Ni kazi ile ile inayoifanya simu yako ishike mtandao. Wahandisi wa CSIRO ya Australia walitumia ujuzi walioupata wakitafuta milio ya mashimo meusi yanayolipuka kutatua tatizo la mawimbi yanayogongana na kuta ndani ya nyumba. Mashimo hayo hawakuyapata. Sehemu ya Wi-Fi unayotumia kusoma haya inatokana na kazi yao. Hii ni tofauti na ngano ya sufuria, kwa sababu hapa hesabu ni ile ile.

Hata hivyo siungi mkono kulipia jambo hili kwa ajili ya Wi-Fi. Nalilipia kwa sababu nataka kujua. Mzee wa kanisa langu huniambia swali hilo lilishajibiwa kitambo, na namheshimu, lakini yeye halazimishwi kutoa zaidi ya ile peremende yake.

Ninachodai serikali ifanye ni kidogo. Kila picha na kila msimbo uliolipiwa na kodi uwekwe wazi, kama Landsat, ili kijana wa Mumbuni aupakue usiku bando ikiwa rahisi. Halafu lile dishi la Longonot, lililoanza kazi mwaka 1970 kubeba simu zetu za ng'ambo kabla nyaya za baharini hazijalipita. Ghana walikuwa na dishi la aina hiyo Kuntunse, la mita 32. Wakishirikiana na Afrika Kusini waliligeuza kuwa darubini ya redio, wakaizindua Agosti 2017. Kenya na Ghana zote ni washirika wa mradi mmoja wa SKA. Mbunge akija kuniomba kura mwaka 2027, nitamuuliza kuhusu maji, na nitamuuliza kuhusu Longonot, siku hiyo hiyo.