Gari jipya likitetemeka, usikubali kuambiwa "utazoea"

Wasomaji wangu, leo naweka programu na seva kando kidogo. Nataka tuzungumze kuhusu matairi. Msishangae, mwisho wake tutarudi palepale kwenye data.

Tembea Garissa mjini utaziona pikapu na jipu mpya: za kaunti, za mashirika, za wafanyabiashara. Gari linatoka dukani Nairobi, viti bado vina plastiki. Likifika kilomita 90 au 100 kwa saa kwenye barabara ya Mwingi, usukani unaanza kutetemeka mikononi. Mwenye gari akirudi kulalamika anaambiwa, "Tairi bado ni mpya hizo, utazoea." Mimi nasema hilo si jibu. Na kwa joto na umbali wa huku kwetu, ni jibu la hatari.

Kwanza tuelewane: tairi lililokuja na gari halikuchaguliwa kwa ajili yako. Sisi waandishi wa programu tunaijua mipangilio ya kuanzia. Mtu fulani ofisini aliichagua ili iwafae watu wengi kiasi, kwa gharama ndogo. Tairi la kiwandani ni hivyohivyo. Mtengenezaji wa gari anapima bei, kelele, ulaji wa mafuta na ulaini kwenye lami nzuri. Barabara ya Dadaab haimo katika hesabu hiyo. Tairi linaweza kupita vipimo vyote vya kiwandani na bado lisikufae hapa.

Sasa, mtetemo unatoka wapi? Sababu za kawaida kwenye gari jipya ni hizi:

1. Balansi. Pikapu nyingi za huku huvaa tairi la 265/65 R17. Likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2.4. Kwa kilomita 100 kwa saa, gari linakwenda mita 27.8 kila sekunde, yaani tairi linazunguka kama mara 11 na nusu kwa sekunde. Gramu 30 tu zikizidi upande mmoja wa rimu, zinavuta kwa nguvu inayopita uzito wa kilo 3, mara 11 na zaidi kila sekunde. Kwa kilomita 50 nguvu hiyo inashuka hadi robo. Ndiyo maana fundi akilizungusha gari lako mjini anarudi akisema haoni shida.

2. Tairi lisilo sawa. Linaweza kuwa si duara kamili, au mpira wake una sehemu ngumu na sehemu laini. Hapa utabandika risasi za balansi mpaka uchoke. Mashine ya kawaida inalizungusha tairi hewani, na hewani halina shida. Shida inaanza likibebeshwa uzito. Zipo mashine zenye rola inayolibana tairi kama barabara inavyolibana. Ulizia karakana yenye hiyo.

3. Kusimama muda mrefu. Gari husafiri melini, kisha likangoja bandarini na kwenye yadi. Sehemu ya tairi iliyokandamizwa chini hubonyea. Kama ilibonyea kidogo, tairi likipata moto safarini hurudi hali yake. Kama lilikaa sana, halirudi.

4. Presha ya safari. Magari mengi husafirishwa yakiwa na upepo mwingi kuliko kawaida ili matairi yasibonyee. Muuzaji anatakiwa kuupunguza kabla ya kukukabidhi. Akisahau, unaendesha gari gumu linalorukaruka. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, kisome.

Utajuaje kama kweli ni matairi? Tumia simu yako. Ndani yake kuna kihisi cha mwendo kinachopima mamia ya mara kwa sekunde, na programu ya bure iitwayo phyphox, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, inakuchorea mtetemo kwa idadi ya mara kwa sekunde. Mwachie abiria aishike kazi hiyo, wewe endesha. Kwa tairi la mfano wetu, ukiona kilele karibu na 11 kwa kilomita 100, na kinashuka hadi 9 ukipunguza hadi 80, shaka yako ielekee kwenye magurudumu. Mhimili unaopeleka nguvu nyuma huzunguka mara tatu hadi nne zaidi ya gurudumu, kwa hiyo kilele chake kitakuwa mbali juu, karibu na 40. Kisha hamisha matairi ya mbele yaende nyuma. Mtetemo ukihama kutoka usukani kwenda kwenye kiti, umempata mwenye makosa. Chapisha grafu hiyo uende nayo kwa muuzaji. Ni vigumu kumwambia mtu "utazoea" akiwa na grafu mkononi.

Kuna atakayesema, "Usukani kutetemeka ni usumbufu tu, hakuna aliyekufa." Kwa balansi peke yake, ni kweli mara nyingi. Lakini mtetemo unaweza pia kuwa dalili kwamba tabaka za ndani za tairi zimeanza kuachana, na ukiwa nyuma ya usukani huwezi kutofautisha. Mpira na nyaya za chuma zilizo ndani yake vinashikanishwa kiwandani, na adui wa mshikano huo ni joto. Hapa mchana hupita nyuzi 35 mara nyingi, na lami ni moto zaidi ya hapo. Ongeza mzigo, upepo pungufu, na safari ya kama kilomita 370 hadi Nairobi. Na ukitoka mjini kuelekea barabara za vumbi zenye mawimbi, gari lote linatetemeka, kwa hiyo dalili yenyewe inafichika.

Wakubwa wa dunia walishajifunza somo hili kwa damu. Ford Explorer zilikuwa zikitoka kiwandani na matairi ya Firestone ambayo ngozi yake ya juu ilikuwa ikibanduka kwenye mwendo kasi. Malalamiko yalijitokeza zaidi kwenye sehemu za joto. Mwaka 1999 Ford ilianza kuyabadilisha katika nchi za Ghuba, huku Wamarekani hawajaambiwa kitu. Agosti 2000 matairi milioni 6.5 yaliitwa yarudishwe. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilihusisha vifo 271 na matairi hayo.

Ninalotaka mlishike ni hili. Mwaka 1998, mtafiti wa kampuni ya bima ya State Farm, Samuel Boyden, aliona madai 21 yanayofanana na akaipa taarifa NHTSA. Mistari 21 tu kwenye jedwali! Hakuna hatua iliyochukuliwa mpaka miaka miwili baadaye. Baada ya msiba, sheria iitwayo TREAD ya mwaka 2000 ikawalazimisha watengenezaji kutoa taarifa za malalamiko mapema, hata yale ya nje ya Marekani.

Sisi jedwali letu liko wapi? Kila mtu analalamika peke yake kaunta, na kila mtu anaambiwa ni yeye tu.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya taarifa, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Ipo pia Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012. Haki ipo, ushahidi ndio haupo. Basi tuutengeneze:

- Kabla ya kutia sahihi, soma tarakimu nne za mwisho za DOT ubavuni mwa tairi. 2324 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2024. Soma zote nne pamoja na la akiba.
- Omba kuliendesha gari hadi kilomita 100 kwenye barabara kuu inayoruhusu. Kuzunguka yadi si majaribio.
- Uliza kwa maandishi nani anabeba dhamana ya matairi. Mara nyingi haimo kwenye dhamana ya gari.
- Kaunti na mashirika mnaonunua magari kumi kwa mpigo, wekeni umri wa tairi, karatasi ya balansi na majaribio ya barabara kuu ndani ya masharti ya zabuni. Mnunuzi mmoja mkubwa anasikilizwa kuliko sisi mia.

Na mliokwisha kununua, andikeni: tarakimu za DOT, saizi, kilomita zilizosomwa, mwendo mtetemo unapoanza, na muuzaji alijibu nini. Nitumieni, nitaziweka kwenye jedwali moja bila majina yenu. Boyden alianza na mistari 21. Garissa hatuwezi kukosa 21.