Tetekuwanga na kadi ya kliniki: barua ya wazi kwa Waziri wa Afya

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

YAH: CHANJO YA TETEKUWANGA KWA WATOTO



Agosti 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2026 watoto wa England watachanjwa tetekuwanga bila malipo, ndani ya sindano moja na surua, matubwitubwi na rubela. Habari hiyo haikuchelewa kufika kwenye magrupu yetu ya WhatsApp. Shangazi aliyeko Birmingham anauliza mbona wa kwetu hawachanjwi. Bibi aliyeko Tanga anajibu kwamba sote tuliugua, tukaogeshwa maji ya mwarobaini, tukapona, na makovu mawili matatu hayajamzuia mtu kuolewa. Wanabishana hivyo tangu wakati ule, na mwenye kuwaamua ni wizara yako.

Msimamo wangu nausema mapema. Chanjo hii isiingizwe bado kwenye kadi ya kliniki ya kila mtoto. Lakini wapo Watanzania wanaoihitaji leo, tena wengi wao ni watu wazima. Na kama tunasubiri, basi kusubiri kwetu kuwe na sababu zilizoandikwa na hesabu zinazoonekana, maana hadi sasa kunafanana mno na mazoea.

Bibi wa Tanga ana hoja. Kwa mtoto wa miaka minne au mitano mwenye afya njema, tetekuwanga ni wiki moja ya homa, malengelenge, kujikuna na kukosa shule. Shida ya ushahidi wake ni kwamba unatolewa na waliopona. Marekani, kabla ya kuanza kuchanja mwaka 1995, ilikuwa ikipata wagonjwa wapatao milioni 4 kila mwaka. Zaidi ya 10,000 walilazwa, na kati ya 100 na 150 walifariki, katika nchi isiyokosa vitanda wala dawa. Ukilinganisha na wingi wa wagonjwa, vifo hivyo ni vichache sana. Ila wengi wa waliozidiwa hawakuwa na maradhi mengine yoyote kabla ya hapo, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuwatambua mapema.

Anayeumia zaidi ni mtu mzima. Takwimu hizohizo za Marekani zilionyesha kwamba mtu wa miaka thelathini au arobaini akipata tetekuwanga, hatari yake ya kufa ni zaidi ya mara ishirini ya ile ya mtoto. Mapafu ndiyo hushambuliwa zaidi. Mjamzito ana mzigo wa ziada: akiambukizwa katika nusu ya kwanza ya ujauzito, mara chache mtoto huzaliwa na ulemavu, na upele ukimtoka kuanzia siku tano kabla ya kujifungua hadi siku mbili baadaye, kichanga hupokea virusi kabla ya kupokea kinga ya mama, na huweza kufa. Haya hayasemwi kwenye mabishano ya nyumbani, kwa sababu tetekuwanga tumeiita ugonjwa wa watoto na tukaishia hapo.

Halafu kuna mkanda wa jeshi. Virusi ni vilevile: mtoto akipona havitoki mwilini, hujificha kwenye mishipa ya fahamu, na miaka mingi baadaye kinga ikilegea hutoka tena kwa maumivu ambayo aliyeyapata hayasahau. Wenye umri wa kukumbuka miaka ya themanini na tisini wanajua ilivyokuwa kijana akionekana na malengelenge yale upande mmoja wa kiuno. Mtaa ulishamhukumu kabla hajafika kupima, kwa kuwa UKIMWI ulikuwa ukiuamsha mkanda wa jeshi kwa vijana. Leo tunajua kwamba hata uzee peke yake unatosha kuuamsha. Kwa hiyo bibi wa Tanga naye hajamalizana na tetekuwanga yake.

Sasa shangazi. Chanjo anayoisifu ni ya zamani kuliko anavyodhani. Daktari Michiaki Takahashi wa Japani aliitengeneza mwaka 1974, miaka kumi baada ya kumuuguza mwanawe mdogo aliyezidiwa na tetekuwanga. Ni virusi hai vilivyodhoofishwa. Dozi moja huzuia karibu kila ugonjwa mkali, na dozi mbili huzuia hata ule mwepesi kwa watoto walio wengi. Hata hivyo Japani yenyewe haikuiweka kwenye ratiba ya watoto wote hadi 2014. Waingereza nao walisubiri kwa miongo mitatu wakiitazama Marekani, na sababu yao ilikuwa ya kitaalamu. Tangu mwaka 1965 daktari wao Edgar Hope-Simpson alikuwa amependekeza kwamba mtu mzima anayekutana mara kwa mara na watoto wagonjwa huburudishwa kinga yake, kwa hiyo ukiwaondoa wagonjwa unaweza kuongeza mkanda wa jeshi kwa wazee. Uzoefu wa Marekani haukuonyesha balaa lililoogopwa, na Novemba 2023 kamati ya Uingereza ya ushauri wa chanjo ikabadili ushauri. Shangazi asituone wazembe kwa kusubiri. Kwake pia walisubiri, ila wao walikuwa wakihesabu.

Mheshimiwa, kiini cha barua hii ni asilimia 80. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2014, liliziambia nchi kwamba zisianze kuchanja watoto wote tetekuwanga kama haziwezi kufikia na kudumisha kiwango hicho. Sababu ni rahisi kuielewa na inatisha. Ukichanja nusu ya watoto, virusi hupungua mitaani lakini havitoweki. Yule ambaye hakuchanjwa hakutani navyo akiwa na miaka mitano. Anakutana navyo akiwa na miaka 22, kambini JKT au akiwa na mimba ya kwanza. Yaani chanjo iliyofika nusu njia huweza kumsogezea ugonjwa mtoto wa maskini kutoka umri unaouvumilia hadi umri unaoua.

Na tunawajua watakaokosa. Ni watoto wa wafugaji wanaohama na mifugo, wa visiwani ziwani, wa mama anayelala shambani msimu wa mavuno, na wa pembezoni mwa miji ambako familia hubadili chumba kabla kadi haijajaa. Tena dozi ya kwanza ya tetekuwanga inashauriwa kati ya miezi 12 na 18, kwa hiyo kwetu ingeangukia kwenye hudhurio la miezi 18, pamoja na dozi ya pili ya surua na rubela. Muulize muuguzi yeyote wa kliniki ya mama na mtoto: hudhurio hilo ndilo linalokimbiwa. Mama wengi wakishapata sindano ya miezi tisa huhesabu kwamba wamemaliza. Ndiyo maana imetubidi kufanya kampeni za surua na rubela 2014, 2019 na tena Februari 2024, kuwafuata waliopita katikati ya vidole. Surua ni muuaji mkubwa kuliko tetekuwanga kwa mbali. Sioni busara ya kumwongezea mzigo mpya muuguzi ambaye bado anawatafuta watoto wa surua, hasa kwa chanjo ambayo Gavi, wafadhili wa chanjo, hawainunui, inayotaka dozi mbili, na ambayo aina zake nyingine huhitaji friza ya kugandisha.

Hapo ningemaliza, kama si jambo moja linalonikosesha amani. Katika nchi za joto watu hupata tetekuwanga wakiwa wakubwa zaidi kuliko Ulaya. Sababu hasa wataalamu bado wanazijadili, lakini matokeo ni kwamba tunao watu wazima wengi zaidi ambao hawajawahi kuugua. Walimu wakuu wa shule za bweni wanajua maana yake: kijana wa kidato cha nne anatengwa na malengelenge huku mitihani ya Novemba ikiendelea. Huenda basi tetekuwanga inatuumiza kuliko ilivyowaumiza Waingereza, na hoja yangu ya kusubiri ikawa dhaifu. Hilo haliamuliwi kwa kauli ya bibi wala ya shangazi. Linahitaji hesabu.

Hesabu hiyo inaweza kuanza bila mradi mkubwa. Machi 2025 wizara ilipothibitisha wagonjwa wa mpox nchini, kila mwenye malengelenge alitazamwa kwa hofu. Jirani zetu wa Kongo, ambako mpox ilitambuliwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1970, wanajua kwamba sampuli nyingi za washukiwa wa mpox zikipimwa hugundulika ni tetekuwanga. Basi sampuli ya malengelenge ikishafika maabara na mpox isionekane, ipimwe na tetekuwanga, umri wa mgonjwa uandikwe, na kama ni mjamzito au amelazwa iandikwe pia. Hospitali binafsi zinazouza chanjo hii kwa wenye uwezo ziripoti dozi zao. Baada ya miaka michache kamati ya wataalamu itakuwa na kitu cha kujadili.

Wasioweza kusubiri hesabu hiyo ni wale wanaolala wodini. Muuguzi ambaye hakuugua utotoni anaweza kuipeleka tetekuwanga kutoka nyumbani kwake hadi wodi ya wazazi, kwa vichanga, au kwa watoto wanaotibiwa saratani, tena siku moja mbili kabla upele wake haujatoka, akiwa hajui lolote. Mtoto aliye kwenye dawa kali za saratani kwa kawaida hawezi kupewa chanjo ya virusi hai; kinga yake ni watu wanaomzunguka. Mwongozo uleule wa 2014 uliziruhusu hata nchi zisizochanja watoto wote kuwachanja wahudumu wa afya wa namna hiyo. Waulizwe wanafunzi wa uuguzi na udaktari kabla ya kuingia wodini: umewahi kuugua? Asiyewahi apewe dozi mbili, isipokuwa mjamzito. Ndugu wa mtoto anayetibiwa saratani wapewe pia, bure. Idadi yao haitaitikisa bajeti yako.

Kwa sisi wengine, karatasi moja ya Kiswahili ibandikwe kliniki na shuleni. Iseme kucha zikatwe. Iseme mtoto asipewe aspirini hata kidogo, kwa sababu aspirini na tetekuwanga pamoja huweza kuharibu ini na ubongo. Paracetamol inatosha kwa homa. Abaki nyumbani hadi malengelenge yote yakauke. Akipumua kwa shida, akilegea, au kidonda kikivimba na kuwa na joto, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Mjamzito ambaye hakuwahi kuugua akikaa karibu na mgonjwa, awahi kliniki kabla hajaona upele. Na mtu asimpeleke mtoto wake kwa jirani aambukizwe makusudi. Maji ya mwarobaini sina ugomvi nayo, mradi ni safi, si ya moto, na mtoto hayanywi.

Naomba pia wizara itaje sharti lake hadharani. Mimi ningependekeza hivi: dozi ya pili ya surua na rubela ikivuka asilimia 80 katika kila halmashauri, si kwa wastani wa taifa, na ikabaki hapo miaka mitatu mfululizo, mjadala wa tetekuwanga kwa watoto wote ufunguliwe rasmi. Kama wataalamu wako wana sharti bora, walitangaze kabla ya hotuba ya bajeti ijayo. Zanzibar ina wizara yake, lakini boti zinavuka kila siku na virusi havikaguliwi bandarini, hivyo ni vizuri mkae meza moja.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzazi na mwandishi, Dar es Salaam

Nakala: Mpango wa Taifa wa Chanjo; Wizara ya Afya, Zanzibar.