Vinyago vya wanyama: Tusiuze uongo kwa jina la mila

Ukipita katika maduka ya vinyago mjini Mombasa, hutakosa kuona nyuso za simba, chui na nyati zimetundikwa ukutani, nyingine zimebandikwa manyoya na katani. Mgeni akiuliza, mara nyingi huambiwa kwamba hizo ndizo nyuso walizovaa mababu wa Kikamba ngomani. Mimi nasema jibu hilo si kweli, na lafaa likomeshwe.

Nimefika Mbooni, kule vilimani katika Kaunti ya Makueni. Wakamba huitaja Mbooni kuwa ni chimbuko lao. Huko ndiko walikokaa wazee wao kabla ya wengine kutawanyika hadi Kitui. Nimeuliza habari za kuvaa vinyago usoni, na sikupata. Nilichosikia ni habari za kilumi na ngoma zake kubwa, za vijana warukao juu huku filimbi i mdomoni, na za vigoda vya miguu mitatu vya wazee. Hiyo ndiyo sanaa yao, nayo yatosha kujivunia.

Basi vinyago vya kuuza vimetoka wapi? Historia yake si ya kale. Mutisya Munge, mtu wa Wamunyu katika Machakos, alichukuliwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na huko akajifunza uchongaji. Aliporudi kwao aliendelea na kazi hiyo, jamaa zake wakaifuata, kisha majirani. Biashara ikateremka mpaka pwani, na mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba wakaunda chama chao cha ushirika hapa Mombasa, kule Changamwe. Twiga, kifaru na tembo walichongwa kwa sababu watalii waliwapenda. Nyuso nazo zikaingia kwa sababu hiyo hiyo, zikiigwa kutoka Kongo na Afrika ya Magharibi. Wenye mila ya vinyago katika sehemu zetu hizi ni watu kama Wamakonde, ambao mapiko yao huvaliwa katika ngoma za jando na unyago.

Kuna watakaoniambia kwamba biashara ni biashara, na mtalii hajui wala hajali. Mimi siibezi kazi hii. Mafundi wetu wa milango ya Lamu huchonga maua na minyororo, hawachongi viumbe wenye roho, na sababu yake twaijua. Lakini jirani ana ada zake, na jasho la mtu akaaye na tezo kutwa nzima lastahili heshima. Ninachokipinga ni kupaka uso mpya masizi na rangi ya viatu ili uonekane mkuukuu, kisha kuubunia hadithi. Sisi tumefundishwa kwamba muuzaji akificha kasoro ya bidhaa yake, baraka ya biashara ile huondoka. Na hasara haiishii kwa mnunuzi. Kesho mtoto wa Mbooni atasoma maneno hayo katika kitabu kilichoandikwa na mgeni, naye ataamini kwamba babu yake alicheza ngoma akiwa na uso wa simba. Hapo mtu huporwa asili yake huku yu macho.

Jambo la pili ni manyoya. Zamani wachezaji ngoma wengi wa nchi hii walijipamba kwa ngozi ya mbega na ya chui. Mwaka 1977 Serikali ilipiga marufuku uwindaji, na mwaka 1978 ikafunga biashara ya ngozi na nyara nyingine za wanyama wa porini. Sheria ya mwaka 2013 imezidisha adhabu. Atafutaye ngozi ya mbega leo kwa ajili ya vazi la ngoma anaitafuta jela, tena anaumaliza msitu.

Lakini mbuzi yupo. Ngozi yake huwambwa kwa mambo, hukwanguliwa nyama na mafuta, hukaushwa, kisha husuguliwa kwa mafuta mpaka ikalegea. Manyoya yakiachwa, hupatikana vazi zuri la ngoma. Yakiondolewa, hupatikana ngozi ya kuwamba ngoma yenyewe. Ukambani mbuzi ni wengi. Na sisi wa pwani, kila Idi ya kuchinja, ni ngozi ngapi tunazozitupa zikaoza majalalani? Kwa nini misikiti na vyama vyetu visizikusanye na kuwapa mafundi, zikafaa watu?

Kwa hivyo nashauri mambo mawili. Kila kinyago kiandikwe ukweli wake: kimechongwa na nani, wapi na kwa mti gani, na kwamba ni pambo, hakikuvaliwa ngomani. Pili, shule na vikundi vya ngoma vinunue mavazi ya ngozi ya mbuzi kwa mafundi wa vijijini, kwa bei ya haki.

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mkono wa Mkamba ni hodari, hauhitaji kutembezwa na uongo.