Acha Raba za Kukimbia Nje ya Holi

Leo nitaudhi nusu ya watu wanaonifuata, kwa sababu nusu yenu mnavaa hivyo viatu. Raba za kukimbia hazifai kucheza badminton ndani ya holi. Hazifai hata zikiwa mpya, hata zikiwa orijino, hata kama uliletewa na mjomba anayekimbia marathoni kule Ulaya.

Najua nasemea haya mahali gani. Huku Kericho na Bomet, ukisema kiatu cha michezo watu wanasikia kiatu cha mbio. Medali ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya ililetwa na mtu wa Kericho, Wilson Kiprugut, shaba ya mita 800 kule Tokyo mwaka wa 1964. Tangu hapo kila boma lina mtu anayekimbia, ama aliyewahi kukimbia, ama anayekuambia angekimbia kama si goti. Kwa hivyo ukiingia soko la mitumba, iwe Kapsoit au Silibwet, raba za mbio ndizo zinakurukia macho kwanza. Ni nyepesi, ziko mob, na zinatoka poa kwa picha. Mtu akianza badminton anavaa alicho nacho. Hiyo naelewa kabisa.

Lakini hebu angalia uwanja wenyewe. Mkicheza mtu mmoja kwa mmoja, upande wako ni mita 6.7 kwa 5.18. Hapo hakuna mahali pa kukimbia! Unapiga hatua mbili mbele, breki, unarudi kinyumenyume, unaruka kando, breki tena. Kazi kubwa ya mguu kwenye badminton ni kusimama. Sasa kiatu cha mbio kimetengenezewa mtu anayeenda mbele tu, kilomita baada ya kilomita, kisigino kimeinuliwa na chini kuna sponji nene ya kumeza kishindo. Vile vya marathoni vya siku hizi, sheria inaruhusu soli ya hadi milimita 40. Panda juu ya milimita 40 za sponji halafu ujirushe kushoto. Sponji inabonyea upande mmoja, kifundo cha mguu kinapinduka, na kinyoya bado kiko hewani.

Na sisi tuna shida ya ziada ambayo wasee wa Mombasa hawana. Kericho iko kama mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hivyo kinyoya kinapaa haraka kuliko kule chini. Ndio maana vinyoya vya manyoya vinauzwa kwa namba za kasi, na ukicheza milimani unatafuta namba za chini, kama 76, ili kipunguze mbio. Sisi wengi tunacheza na vya plastiki vilivyopatikana, vyenye utepe wowote. Kinyoya kikija mbio hivyo, unaanza kuchelewa na unafunga breki kwa nguvu zaidi. Mzigo wote unaishia kwa kile kiatu.

Kuna rafiki yangu tunacheza naye. Jina naliacha. Mchana anachuna majani chai, jioni yuko holi. Mwaka jana alikuja na raba za mbio safi kabisa, nyeupe, kila mtu akazisifu. Seti ya pili akafuata kinyoya cha kona ya kulia, mguu ukabaki na mwili ukaenda. Tulisikia mlio. Mtu wa ofisini akiteguka kifundo anaenda kazi akichechemea, anakaa kwa kiti, maisha yanaendelea. Huyu analipwa kwa kilo, na kilo ziko kwa mteremko, kwenye matope, na kikapu mgongoni. Wiki tatu hakupanda shambani. Nilienda kumwona nikakuta gambuti zake mlangoni, kavu, na mamake akaniuliza tu, "Huo mchezo wenu unalipa?" Sikuwa na jibu na bado sina.

Kitu kinachonishangaza ni kwamba yeye mwenyewe hawezi kuingia shambani na raba. Hakuna mtu huku anachuna chai na slipasi. Tunajua kila kazi na kiatu chake, tumezaliwa tukijua, lakini tukifika holini akili hiyo tunaiacha nje.

Sasa nasikia mnasema, "Viatu vya badminton ni bei." Ni kweli. Yonex, Victor, Li-Ning, pea mpya inauzwa bei ambayo sitaiandika hapa kwa sababu mtanitukana. Mimi chuo niliacha, doh za kurusha sina, na sijawahi kununua mpya. Lakini huhitaji jina. Unahitaji soli, na soli utaipata kwa mtumba ukijua unachotafuta.

Tafuta soli ya raba laini, bapa, ya rangi ya strungi. Si lazima iwe rangi hiyo, lakini mara nyingi ndiyo. Ibonyeze kwa ukucha: ikiingia kidogo na kurudi, hiyo inashika sakafu. Ikiwa ngumu na inang'aa kama sahani, imezeeka, iache hata kama juu inaonekana mpya. Halafu shika kiatu kisigino na kidole, ukikamue kama kitambaa cha kudeki. Kiatu cha holi kinakataa kukamulika katikati. Kinatakiwa kukunjika pale vidole vinapokunjika, basi. Kiweke chini ukiangalie kutoka nyuma: kisigino kiwe kifupi, karibu na ardhi. Kisha kivae na soksi nene, kaza kamba hadi tundu la mwisho, usukume mguu kando kwa nguvu. Mguu ukimwagika nje ya soli, rudisha. Muuzaji akikukasirikia, mwache akasirike.

Vile viatu vya mpira wa mikono na vya voliboli ya ndani vinafaa sana, na watu wa mitumba hawajui ni vya nini, kwa hivyo bei huwa chini. Na hapa niwape siri wasee wa fashoni. Zile adidas Spezial mnazopiga nazo picha zilitengenezewa mpira wa mikono mwaka wa 1979. Samba nazo zilianza mwaka wa 1950, za kuchezea soka kwenye ardhi iliyoganda. Kwa hivyo kuna mtu hapa mjini anaenda kahawa na kiatu kinachofaa holi zaidi ya hizo raba anazobeba kwa begi. Hazina sponji nyingi na ni nzito kidogo, lakini kifundo chako kitakushukuru. Zile raba za kitambaa za shule, za Bata, kwa anayeanza naona ni afadhali kuliko za mbio. Ziko chini, hazipinduki. Ila ukianza kuruka kwenye saruji, kisigino kitakuambia ukweli.

Miguu mitupu? Najua tulikua hivyo. Jasho likiingia chini ya unyayo utateleza, na kidole gumba kikigonga nguzo ya neti utaita majina ya mababu wote.

Sakafu pia. Holi zetu nyingi si za mbao, ni saruji iliyopakwa rangi nyekundu na kung'arishwa kwa polishi, na huku mvua ikinyesha karibu kila alasiri watu wanaingia na udongo. Udongo ukikauka unakuwa vumbi, na soli bora duniani ikikanyaga vumbi inageuka sabuni. Njoo na gambuti ama slipasi, viatu vya holi viwe kwa begi, na uweke kitambaa chenye maji kando ya uwanja ukanyage kila baada ya pointi kadhaa. Hii haina gharama na bado watu wanaona ni kujishaua.

Kinachoniuma zaidi ni wakubwa wanaokuja kutoa misaada ya michezo. Wanaleta raketi, wanaleta neti, wanapiga picha, wanaenda. Viatu hakuna anayeleta, kwa sababu viatu vina saizi na saizi inataka umjue mtu. Basi sisi kwa holi yetu tumeanza sanduku. Kila wiki tunachanga kidogo, mmoja wetu anaingia mitumba, na pea ikipatikana inakaa hapo kwa yeyote anayeingia na raba za mbio. Tuko na pea nne: 41 mbili, 43 na 44. Wasichana wanaokuja jioni wengi ni 38 na 39, na hao bado wanacheza na za mbio. Ukiona saizi hizo Litein, Kapkatet au Sotik, zenye soli ya strungi, zishike kwanza halafu niandikie hapo chini. Doh ziko, si nyingi.