Ngoma ina neno lake

Kuna watu wanaosema: "Maneno ya wimbo ndiyo yenye maana, ngoma na kinanda ni kelele za kuchangamsha watu tu." Wanaosema hivyo ni waimbaji wa kwaya zetu wenyewe. Sisi twasema: wamekosa, na kosa lao linaumiza watu.

Tutazame kwanza kwetu. Walokele, wakaao kando ya mto Congo karibu na Kisangani, walipeleka habari kijiji kwa kijiji kwa ngoma ya mti uliochimbwa ndani. Ngoma hiyo ina sauti mbili, ya juu na ya chini, nayo hufuata kupanda na kushuka kwa maneno ya lugha yao. Na kwa kuwa maneno mengi yana sauti zilizo sawa, mpigaji huongeza mengine, ili msikiaji asikosee. Je, hizo ni kelele?

Mtu atajibu: "Hiyo ni lugha, si muziki." Vema, tusikilize muziki wenyewe. Joseph Haydn, Mkatoliki wa Austria, alitunga wimbo mkubwa juu ya Uumbaji, ukaimbwa Vienna mwaka 1798. Mwanzoni vyombo vinatangatanga kama mtu gizani, sauti hazipati mahali pa kutulia. Kisha kwaya inaimba kwa sauti ndogo sana, mpaka kufikia neno la nuru: hapo wote wanapaza sauti pamoja kwa nguvu. Hata asiyejua Kijerumani anaiona nuru ile. Tena mwaka 1936, huko Moscow, Sergei Prokofiev aliwasimulia watoto hadithi kwa vyombo: ndege ni filimbi, mbwa mwitu ni baragumu tatu.

Kweli, filimbi peke yake haitaji jina la ndege. Mtoto huambiwa kwanza, ndipo anamtambua. Lakini mwenye huzuni hutembea polepole na kusema chini. Mwenye furaha huruka na kupaza sauti. Muziki hutembea kama mtu atembeavyo, ndiyo maana twamwona ndani yake.

Waliotunga Missa Luba huko Kamina mwaka 1958, pamoja na Padri Guido Haazen, walilijua jambo hilo. Kyrie waliimba kwa namna ya kasala, wimbo wa maombolezo. Sanctus kwa namna ya wimbo wa kuagana. Hosanna wakaipa mdundo wa kucheza wa Kasai. Kila sehemu ilipata mwendo wake.

Na sisi leo? Katika paroki moja tuliyoitumikia, mtoto alizikwa. Mpiga kinanda cha umeme akabonyeza mdundo uleule wa arusi ya Jumamosi iliyopita. Maneno yaliomba pumziko la milele. Mdundo uliita watu kucheza. Vijana wakatikisa mabega nyuma ya sanduku dogo. Mama wa mtoto akaziba masikio yake. Sisi tulikuwa pale, na hatukusema kitu. Ndiyo sababu twaandika sasa.

Hatusemi ngoma itoke kanisani, hapana! Roma yenyewe ilikubali mwaka 1988 kitabu cha Misa cha majimbo ya Zaire, ambamo watu hucheza kuzunguka altare wakati wa Gloria. Siku ya Paska wapigaji wapige hata vumbi lipande! Lakini mdundo mmoja kwa Paska na kwa kaburi ni uongo: unasema la furaha mahali pa machozi.

Basi, ninyi wakubwa wa kwaya, kabla ya kufundisha wimbo jiulizeni: Nani anasema hapa? Yuko wapi? Anatembea namna gani? Mpiga ngoma naye ajibu kwa mikono yake. Akikosa jibu, aweke mikono magotini. Mama yule angalishukuru kusikia kimya, kuliko kusikia arusi siku ya kumzika mwanawe.