Umeme wa Upepo na Amana ya Tumbusi



Umeme wa upepo ni neema: hautoi moshi, wala hauhitaji mafuta ya kuagizwa ng'ambo. Lakini kila neema ina adabu zake, na adabu ya hii ni kutowadhuru viumbe tuliokabidhiwa kuwa amana.

Tumbusi hapigi mbawa sana apaapo. Hubebwa na hewa ya joto ipandayo na upepo ugongao vilima, na vilima hivyo ndivyo vitafutwavyo na wajenzi wa mitambo. Tena akiwa angani huinamisha kichwa akitafuta mzoga, asione kilicho mbele yake, na mapanga ya mtambo yakamkata. Naye hutaga yai moja tu kwa mwaka, hivyo pengo la mmoja huchukua muda mrefu kuzibika.

Je, tumbusi akitoweka, sisi twapungukiwa na nini? Tuwatazame jirani zetu wa India. Dawa ya mifugo iitwayo diklofenaki iliwaua tumbusi karibu wote. Mizoga ikakosa wa kuila, mbwa wa mitaani wakaongezeka, na hatari ya kichaa cha mbwa ikazidi kwa watoto na watu wazima.

Hapa kwetu, katika Kaunti ya Kajiado, mradi wa Kipeto wenye mitambo 60 ulianza kazi mwaka 2021, katika eneo wanaloruka tumbusi walio hatarini kutoweka. Huko wamewekwa watazamaji: tumbusi akikaribia, mtambo husimamishwa hadi apite. Mizoga ya mifugo nayo huondolewa, ndege wasivutike.

Hayo ni mema, ila kinga ni bora kuliko tiba. Mahali huchaguliwa kabla msingi haujachimbwa, na sheria yetu hutaka athari kwa mazingira zichunguzwe na maoni ya wananchi yasikizwe. Basi, kina mama, baraza likiitishwa msiwaachie wanaume peke yao. Ulizeni: Ni ndege gani wapitao hapa, na msimu gani? Nani amewahesabu, na kwa muda gani? Nani ana mamlaka ya kuzima mtambo?

Asiyeuliza mapema hujuta msingi ukiisha kumwagwa zege.

Wabillahi tawfiq.