Bob Mould hakuishia Hüsker Dü

Mwandishi, hapo uliposema mwanamuziki Bob Mould ameishi kwenye kivuli cha bendi yake ya zamani, Hüsker Dü, sikubaliani nawe hata kidogo. Bendi ilivunjika mapema 1988, na mwaka uliofuata tu jamaa akatoa albamu yake Workbook. Watu walisubiri kelele zilezile za magitaa ya umeme, yeye akafungua albamu kwa gitaa kavu, bila kuimba neno, na mbele kidogo inaingia sello ya Jane Scarpantoni, nzito, inavuta pole pole. Mimi nilikuwa nimeacha kupiga gitaa baada ya kikundi chetu cha mtaani kusambaratika kwa ugomvi wa pesa. Albamu hiyo ndiyo iliyonirudisha.

Na ndugu yangu hapo juu unayesema hakupata tena mafanikio, bendi yake ya baadaye, Sugar, umeisahau? Albamu yao Copper Blue ilichaguliwa na jarida la NME kuwa albamu bora ya mwaka 1992, na rekodi yao Beaster ikafika nafasi ya 3 kwenye chati za Uingereza mwaka 1993. Hüsker Dü hawakuwahi kufika huko. Isikilizeni kwanza Workbook yote, kwa hedifoni, ndipo mje tubishane.